Forester XT yenye nguvu isiyojitangaza: boksi, programu au daunpaipu?

Shemeji yangu kanunua Forester XT ya 2014, ile ya SJG, nyeupe, na wiki ya pili tu akanipigia simu. "Shem, nataka iongezeke nguvu kidogo. Ila isionekane. Na dada yako asisikie chochote." Nilicheka, maana katika masharti yake yote hilo la mwisho ndilo gumu. Dada nilimwambia mwenyewe siku hiyohiyo. Hayo mengine yanazungumzika, na kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza, nimeona niyaandike yote mahali pamoja, kwa mtu mwenye gari la nyumbani lenye turbo (feni inayoshindilia hewa kwenye injini) ambaye anataka lipande mlima vizuri bila mtaa mzima kujua.

Nitaizungumzia Forester hii kwa sababu naijua na kwa sababu zimejaa. Mwenye Golf au Mazda ya turbo atapata la kuchukua humu, ila namba zake zitakuwa tofauti.

Tuanze na habari njema: gari hili tayari ni pole kwa sura. Halina lile tundu juu ya boneti. Hewa ya kupoza intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) inaingia kwenye grili na kupita kwenye mfereji wa plastiki chini ya boneti. Wala halina mngurumo wa Subaru za zamani. Ule mngurumo wa injini za EJ ulitokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Kwenye injini ya hili, FA20, mabomba yanalingana, na turbo yenyewe imekaa chini, mbele ya injini. Mtu akikupita Bagamoyo Road si rahisi ajue kama una XT au ile ya kawaida isiyo na turbo. Na huku ndani kuna nguvu za farasi 280 za Kijapani kwenye mizunguko 5700 kwa dakika, na torki (nguvu ya kuvuta) ya Nm 350 inayoanza mapema, mizunguko 2000, hadi 5600. Kwa hiyo swali la kwanza si utaongeza nini. Ni kama hizo 280 unazipata.

Mafuta ndiyo yanayoamua

Fungua kifuniko cha tanki. Kama hakijabadilishwa, kuna stika ya Kijapani inayosema gari linataka petroli ya daraja la juu. Kule Japani daraja hilo halipungui oktani 96, na vituo vingi huuza 98 hadi 100. Petroli yao ya kawaida inaanzia 89. Sasa simama kwenye pampu yoyote kati ya Mbezi na Chalinze, uliza ni oktani ngapi. Utaulizwa wewe unataka ya elfu ngapi.

Oktani ikiwa ndogo, mafuta yanajilipukia yenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujayafikia. Injini yenye turbo ndiyo inayopata shida zaidi, kwa sababu hewa imeshindiliwa na ni ya moto. Ukibahatika kusikia, ni kama mtu anatikisa changarawe kwenye kopo. Mara nyingi husikii, lakini sensa inasikia. Kontroboksi (kompyuta ya injini) ikisikia inachelewesha cheche, na nguvu inashuka kimya kimya. Ndiyo maana kuna XT zinazotembea kama zimebeba saruji na mwenyewe anadhani ndivyo zilivyo.

Kontroboksi ya Subaru ina namba iitwayo DAM. Ikisoma 1.0, maana yake inayaamini mafuta na inatoa cheche yote iliyopangiwa. Ikishuka, imesikia milipuko hiyo mara nyingi na imekata tamaa kidogo. Namba hii unaisoma kwa kompyuta mpakato yenye RomRaider, ambayo ni ya bure (kebo ya Tactrix si ya bure), au kwa kifaa cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya simu inayoijua lugha ya Subaru. Mashine nyingi za mtaani za kusoma kodi (namba za hitilafu) hazikuonyeshi DAM. Fundi akikuambia "gari liko poa, halina kodi", hajakujibu.

Gari lenye DAM ya 0.75 kabla hujaligusa linadaiwa nguvu za kiwandani. Lipe kwanza hizo: plagi halisi, filta safi ya hewa, mabomba ya intakula yasiyovuja, na kituo cha mafuta unachokiamini. Ukizipata, huenda hamu ya kuongeza ikapungua, kama ilivyonitokea kwa nusu mwaka.

Kingine cha bure: kwenye usukani kuna vitufe vya I (upole), S na S# (ukali zaidi). Nimekutana na watu waliokaa na gari miaka miwili hawajawahi kubonyeza S#. Bonyeza hiyo kwanza, pita lori moja, kisha uje tuongee.

Boksi dhidi ya programu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Boksi ni kijisanduku kinachochomekwa kati ya sensa ya presha na kontroboksi. Kazi yake ni uongo. Tuseme presha ya turbo imefika bari 1. Boksi linairipoti 0.85. Kontroboksi inaona imepungukiwa, inaiambia turbo iongeze. Gari linavuta, unafurahi. Tatizo ni kwamba Forester hii ina sensa nyingine inayopima hewa inayoingia, na hiyo hakuna aliyeidanganya. Kontroboksi inapata mashahidi wawili wasiokubaliana. Na muda wa cheche, ambao ndio unaolinda injini dhidi ya mafuta mabovu, boksi haliugusi kabisa.

Nilikuwa nalo. Niliuziwa na fundi mmoja wa mjini, akalifunga ndani ya dakika ishirini, na kwa miezi mitatu ya Dar nilikuwa mtu wa raha. Kisha tukasafiri kwenda Njombe: mke, watoto wawili, mama mkwe, na magunia ya zawadi. Katikati ya mlima Kitonga, nyuma ya lori la mbao, nikakanyaga kupita. Taa ya cheki injini ikaanza kumweka, ya kruzi nayo ikamweka, ya utelezi ikawaka, na injini ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Mama mkwe hakusema kitu. Alishika tu kile kishikio cha juu ya mlango.

Nilipata mahali papana, nikafungua boneti, nikachomoa boksi kwa mwanga wa simu, nikarudisha soketi kama ilivyokuwa. Tulifika Iringa mwendo wa kobe. Kesho yake fundi alipotoa plagi (kazi ya kuumiza viganja kwenye injini iliyolala, maana zinatazama ubavu wa chesisi), mbili pengo lake lilikuwa limetanuka kupita kipimo. Presha ikizidi, cheche inapata taabu kuruka pengo, na pengo likiwa kubwa inazimika kabisa. Plagi zilikuwa na makosa yake, boksi lilikuwa na yake, na mimi langu lilikuwa la kufunga boksi bila kutazama plagi.

Mlima nao ulichangia. Usawa wa bahari hewa ina kilopaskali 101 hivi. Kwenye mita 1,700, kama Mbeya, inabaki kama 82, pungufu kwa karibu moja ya tano. Turbo ikitakiwa kufikisha kilopaskali 200 ndani ya injini, Dar inazidisha hewa mara mbili. Mbeya inapaswa kuizidisha karibu mara mbili na nusu. Inazunguka kwa kasi kubwa zaidi na hewa inatoka moto zaidi. Programu ya kiwanda inalijua hilo na inapunguza madai yake kadiri unavyopanda. Boksi la bei poa halina habari uko wapi.

Programu ni kitu kingine. Fundi anasoma faili la awali kutoka kwenye kontroboksi, anabadilisha yaliyomo, anarudisha. Anayagusa yote: presha inayolengwa, muda wa cheche, kiasi cha mafuta, torki inayoruhusiwa, na marekebisho ya mwinuko. Fundi anayejua kazi hafanyi mara moja akaondoka. Anaandika, mnatoka barabarani, anarekodi, anapunguza hapa, anaongeza pale. Hakuna kinachoonekana wala kusikika. Ukifungua boneti ni Forester tu.

| | Boksi | Programu |
|---|---|---|
| Muda wa kufunga | Nusu saa | Nusu siku na zaidi, pamoja na majaribio |
| Linachogusa | Taarifa ya presha | Presha, cheche, mafuta, torki |
| Oktani ndogo | Halijui | Inaandikwa kwa mafuta unayotumia |
| Kuondoa | Dakika kumi | Kurudisha faili la awali |
| Gharama | Nafuu | Mara kadhaa ya boksi |
| Ukiuza gari | Unaondoka nalo | Inabaki. Mwambie mnunuzi |

Wanaolitetea boksi watakuambia kuondoa haraka ni faida kubwa, kwa sababu ukirudi kwa wakala hataliona. Hoja hiyo ina mashiko Ulaya, ambako mtu ananunua gari jipya lenye garantii. Sisi gari limetoka Japani na kilomita themanini elfu. Garantii gani unailinda?

Mtego wa programu uko kwingine: faili la kushusha mtandaoni. Mtu anaona faili la Marekani limeandikwa "93", anasema hata yetu haikosi 93. Namba zao si namba zetu. Wamarekani wanaandika wastani wa vipimo viwili, na 93 yao inakaribia 98 kwa kipimo kinachotumika Japani na kwetu. Halafu Forester XT ya kule ilitoka na nguvu 250, si 280, na programu yake si hii. Nimeona kontroboksi iliyokufa juu ya meza kwa jambo hilo. Mwombe fundi aandike kwa mafuta ya kwenye tanki lako leo, na kabla hajaanza mwambie akupe nakala ya faili la awali kwenye flashi. Akisita, ondoka.

Utapata kiasi gani? Kwa mafuta mazuri na gari zima, asilimia 10 hadi 15 ni matarajio ya kawaida, na utaihisi zaidi katikati ya mizunguko kuliko mwishoni. Kwa mafuta yetu mwandishi mwaminifu atakupa chini ya hapo. Anayekuahidi farasi 350 bila kubadilisha kitu kingine anakuuzia karatasi.

Daunpaipu

Hili ni bomba linalotoka kwenye turbo, na ndani yake kuna kichujio cha moshi. Ukiweka pana zaidi, turbo inapumua, inaamka mapema. Nguvu inayopatikana hapa ni ya kweli, siwezi kubisha.

Ila kwa anayetaka kimya, hapa ndipo siri inapovuja. Ukitoa kichujio kabisa, harufu ya petroli mbichi inaingia ndani kwenye foleni, taa inawaka na kodi P0420, na sauti inabadilika hata kama silensa ya nyuma ni ileile. Watoto wanaosubiri getini shuleni wanakuwa wa kwanza kuivuta. Kuwa makini pia na fundi atakayekuambia atakutolea kichujio bure. Ndani yake kuna platini, paladiamu na rodiamu, vina soko, na wewe ndiye uliyemlipa.

Kuna njia ya katikati: daunpaipu yenye kichujio chepesi, cha matundu 200 kwa inchi ya mraba, na silensa ya kiwanda ikabaki. Sauti inakua nzito kidogo ukikanyaga, ukiendesha taratibu haisikiki. Lakini haiendi bila programu. Turbo ikifunguliwa njia, presha inaweza kupanda kupita ilivyotakiwa. Ukihesabu bomba, gasketi, boliti zitakazokatika kwa kutu na programu juu yake, umelipa karibu mara mbili kwa ongezeko ambalo kwenye barabara yenye matochi ya trafiki utalitumia mara chache mno. Mimi sijaiweka.

Mengine nayapitia haraka. Filta ya koni iliyo wazi inavuta hewa ya moto ya chini ya boneti, inapiga mluzi, na inavuruga hesabu ya sensa ya hewa. Boksi la filta la kiwanda linatosha kabisa. Vali ya kutoa "fyuuu" niliwahi kuifunga kwenye SG5 yangu ya zamani. Hewa inayotupwa nje ilishapimwa na kuwekewa mafuta, kwa hiyo kila ukiachia mguu injini inasongwa na petroli, gari linajikwaa. Kwa kifupi, sauti ile ni hesabu iliyopotea. Intakula kubwa ya mbele inaonekana kwenye bampa kutoka mbali. Turbo kubwa ni mradi wa injini nzima, si wa gari linalopeleka watoto shule.

Vitu visivyoonekana lakini vinaamua

Giaboksi ya XT hii ni CVT: mnyororo kati ya puli mbili. Haupendi torki ya ghafla kwenye mizunguko ya chini, kwa sababu mnyororo ukiteleza unachuna puli, na hapo unanunua giaboksi. Programu nzuri inaacha chini kama kiwanda na kuongeza kuanzia mizunguko 3000 hivi. Mwambie fundi hivyo hata kama anajua. Na kabla ya yote hakikisha oili ya giaboksi ni ya CVT inayotakiwa, maana kuna gereji zinazoweka ile ya otomatiki ya kawaida kwa CVT zote, "si nyekundu hii hapa bosi?" Giaboksi iliyonyweshwa hiyo usiiongezee hata farasi mmoja.

Breki nazo. Fluidi mpya ya DOT 4 inachemka kuanzia nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu wa kutosha kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Ile iliyokuja na gari kutoka Japani huenda ina miaka. Ukishuka Kitonga na mzigo, fluidi iliyochemka inaacha kanyagio likizama bila kushika. Kubadilisha fluidi na kuweka pedi nzuri ni bei ya chakula cha mchana cha watu kadhaa, na hakuna atakayejua umefanya. Ongeza stabilaiza nene ya nyuma kama pesa inabaki. Gari linaacha kulala kwenye kona, na kwa maoni yangu raha yake inazidi farasi ishirini.

Kuhusu kuficha: jirani mfiche, mwizi mfiche. Kampuni ya bima usiifiche. Kama una bima kubwa, mkataba wake unasimama juu ya kusema kweli, na badiliko ambalo hukulitaja linampa mwenye bima mlango wa kukataa dai lako siku ya ajali. Barua moja inatosha, na wakiongeza kidogo lipa.

Kwa hiyo, kama gari unalitumia Dar tu na huna fundi programu unayemwamini, usifunge kitu. Rudisha DAM kwenye 1.0 na bonyeza S#. Kama unasafiri nyanda za juu mara kwa mara, programu ya wastani iliyoandikwa kwa mafuta yetu ndiyo ninayoichagua bila kusita. Daunpaipu ya kichujio chepesi nampa mtu ambaye tayari ana programu, breki ziko sawa, na bado anapata pesa ya ziada. Boksi simpi mtu. Kama mtu ameshanunua, basi alishushe kwenye kipimo cha chini kabisa na aanze na plagi mpya.

Shemeji alichagua programu. Jumamosi asubuhi tulisoma gari lake: DAM 1.0, safi. Akaenda kujaza tanki kwenye kituo cha karibu na kwake, akazunguka hadi Kibaha na kurudi, tukasoma tena jioni: 0.75. Fundi alikuwa ameshafungua mpakato. Nikamwambia aufunge. Sasa shemeji anaimaliza hiyo petroli taratibu, kwenye I, na dada yangu ndiye anayeendesha.